Wimbo wa Kukanyaga Ndizi

Ugonjwa wa baba ulianzia mlangoni. Uwanjani alitembea vizuri, polepole lakini vizuri, ila akifika kizingitini miguu ilimgomea. Alisimama pale ameshika mwimo kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili vikisuguana bila kukoma, akatazama chini kama mtu aliyeona nyoka. Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na udongo uleule aliousiriba mwenyewe mimi nikiwa mtoto.

"Tata, pita," nilimwambia baba.

"Napita," alijibu, wala hakupita.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani Kibingo. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, vijana waliopelekwa Burma walikuwa wamerudi na makoti yao mazito, na mimi nilikuwa nimerudi na furushi moja, mume kafa, mtoto sina. Mama alikuwa amefariki zamani. Nyumba ilikuwa ya baba na mimi tu, na kibanja cha migomba na mibuni ambacho mtu mzima angeweza kukizunguka kabla chungu cha maharage hakijachemka. Kaka yangu mkubwa alikaa Bugomora. Alinunua kahawa kwa watu, nyumba yake ilikuwa ya bati, na alipokuja kwetu alikaa kwenye kiti cha baba bila kuulizwa. Kwake mimi nilikuwa mgeni katika nyumba niliyozaliwa.

Tulimpeleka baba kwa dresa wa zahanati. Alimpima macho, akamgonga magoti, akaniambia ni uzee. Nikamuuliza dawa ya uzee ni ipi. Akacheka. Sikupenda kicheko kile, na hadi leo mtu akiniambia "ni uzee tu" huwa namtazama mpaka ajisikie vibaya. Uzee si ugonjwa. Baba alikuwa na ugonjwa, na kwa sababu alikuwa mzee hakuna aliyejisumbua kuutafutia njia.

Basi akaacha kutoka. Sasa hata uwanjani miguu ilimgomea mara nyingine, na aliogopa kukwama mbele za watu. Alikaa ndani karibu na moto, hasemi, anakula vijiko vitatu vya ndizi na kusukuma sahani. Sauti yake ilipungua mpaka ikawa lazima niiname nimsikie. Ndevu zilimwota ovyo, yeye aliyekuwa akijinyoa kila Jumamosi. Kaka alipoiona hali hiyo alisema atamhamishia Bugomora, kwenye chumba cha nyuma, akatunzwe na mke wake.

"Nitakuja na engozi," alisema. Engozi ni ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa kupanda na kushuka vilima vyetu, watu wanne mabegani.

Baba aliinua kichwa. "Nikiingia humo sitoki," alisema. "Nimebeba wengi. Najua wanavyorudi."

"Basi tembea, Tata," kaka alimwambia, na sidhani alikusudia ukatili. Alikuwa anaogopa. Lakini alilisema, na mimi nililisikia. "Siku nitakayokukuta unatembea kwa miguu yako, sitaigusa engozi."

Hilo ndilo lilikuwa shauri lote, na hapakuwa na lingine. Baba atembee, abaki kwenye kibanja chake. Asipotembea, abebwe akafie chumba cha nyuma.

Kilichofuata sikukibuni. Watu wamenisifu kwa akili ambayo sikuwa nayo, na wengine wamenilaumu kwa uchawi ambao siujui. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimemsimamisha baba aote jua na amekwama mlangoni kama kawaida, na mimi nimekata tamaa nimekaa chini kumenya ndizi. Kwenye kibanja cha jirani walikuwa wanakamua.

Kwa asiyejua kwetu: ndizi za pombe huivishwa shimoni siku kadhaa, zikamenywa, zikamwagwa ndani ya mtumbwi wa mti, zikafunikwa kwa nyasi. Wanaume wawili au watatu huosha miguu, hupanda humo na kukanyaga mpaka maji yatoke. Maji yale matamu ndiyo mramba, na hata mtoto mchanga huonjeshwa. Ukitia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunika, ukasubiri, ndipo inakuwa rubisi, pombe yetu. Na hawakanyagi kimya. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na mguu unashuka kwenye kiitikio. Neno la kuitikia ni "ribata", yaani kanyaga.

Jirani akaita. Wenzake wakaitikia. Nikasikia kitu nyuma yangu, nikageuka. Kisigino cha baba kilikuwa kimenyanyuka.

Wakaita tena, wakaitikia, na baba akapita mlangoni. Alinipita mimi na bakuli langu la maganda. Alikwenda uwanjani, akivuta magoti juu, mguu baada ya mguu, uso umemkunjuka, midomo inacheza. Alipofika kwenye mgomba wa kwanza majirani walinyamaza wapumzike, na baba akasimama palepale mguu mmoja mbele, hawezi kwenda wala kurudi.

Nililia, nakiri. Kisha nikafuta machozi na kufikiri. Miguu haikuwa imekufa. Miguu ilikuwa inasubiri kuitwa.

Sasa tatizo likawa mimi. Kwetu mwanamke hakanyagi ndizi. Hasogei hata kwenye mtumbwi siku ya kukamua, watasema ameharibu pombe. Wimbo ule niliujua, nani asiyeujua, lakini nilikuwa nimeusikia kutoka upande wa pili wa uzio maisha yangu yote na sikuwahi kuutia kinywani. Tena tulikuwa watu wa kanisa. Miaka ile watu wengi walikuwa wameokoka, na aliyeokoka hakunywa, hakukamua, hakuuza, na nyimbo za pombe hakuzitaka masikioni. Mimi mwenyewe sikuwa nimeonja rubisi tangu nibatizwe.

Asubuhi iliyofuata baba alikwama mlangoni. Nikatazama huku na huku, nikaimba kwa sauti ya kunong'ona:

"Nani amelala mtumbwini?"

Baba akanitazama kama niliyevua nguo. Kisha, kwa sauti yake ile iliyokwisha, akaitikia, "Ribata," na mguu ukashuka nje ya kizingiti.

"Kisigino chake kinaogopa ndizi."

"Ribata."

"Mkwe wake amekuja na kata."

"Ribata."

Siku hiyo tulifika jikoni, nyuma ya nyumba. Siku ya pili tulifika kwenye shimo lake la zamani la ndizi. Baada ya wiki tatu alizunguka kibanja chote, akipigapiga mashina ya migomba kwa fimbo na kuniambia upi umekaa vibaya, na karibu yote ilikuwa imekaa vibaya kwa sababu niliyeitunza ni mimi. Alianza kula. Alidai wembe. Sauti ilirudi kidogo, maana aitikiaye lazima atoe pumzi. Na usiku alilala, jambo ambalo hakuna dawa ya dresa ilikuwa imeliweza. Nilichojifunza ni hiki: wimbo lazima uwe wake. Nilijaribu nyimbo za harusi, akatabasamu na kubaki amesimama. Nilijaribu kupiga makofi, akakasirika. Alikuwa amekanyaga ndizi miaka arobaini kabla hajabatizwa, na wimbo ule ulikuwa umekaa kwenye magoti yake, si kichwani.

Na lazima uitikiwe. Akichoka sauti yake ilikatika, na bila kiitikio mguu haukushuka hata niite mara kumi. Siku hizo, hata tulipofika barabarani, niliita na kuitikia mwenyewe, naruka kutoka sauti hii hadi ile, na wapita njia wakadhani nimerukwa na akili.

Hao wapita njia ndio walionifikisha pabaya. Habari zilifika kwa mzee mmoja wa kanisa, mtu mrefu, mkali, mwaminifu. Zamani alikuwa mkanyagaji aliyetafutwa na vijiji, inasemekana alimaliza mtumbwi peke yake wenzake wakiwa wamekaa chini wanahema. Alipookoka aliuleta mtumbwi wake mbele ya kanisa, akaupasua kwa shoka, ukawa kuni. Mtu wa namna hiyo hukwepi kumheshimu, lakini pia hakuachii.

Alikuja na mwinjilisti. Niliwasalimu shikamoo, nikawapa viti.

"Binti yangu," mzee alisema, "tumesikia unaimba nyimbo za pombe barabarani."

"Naimba baba atembee, mzee."

"Nyimbo za pombe."

"Wimbo unaimbwa wakati wa kukamua," nilimjibu. "Wakati huo ni mramba. Unajua kuliko mimi. Inakuwa pombe kesho yake, na kesho yake hakuna anayeimba, wanafunika tu."

Mwinjilisti, aliyekuwa kijana mpole, aliuma mdomo asicheke. Mzee hakucheka. Alisema nina ulimi. Sijawahi kukanusha hilo.

Mwinjilisti akatoa wazo, na nilikubali kwa moyo safi. Kama ni wimbo unaomtembeza, alisema, basi tumpe wimbo wa kanisa. Akaja Jumatano na kitabu chake. Baba alisimama mlangoni, mimi na mwinjilisti na wanakwaya wawili tukaanza.

Anayezijua nyimbo zetu za kanisa za miaka ile atakuwa ameshaelewa kosa letu. Zilikuwa nzuri, na zilikuwa ndefu, na mwisho wa kila mstari sauti ilivutwa mpaka pumzi iishe. Baba aliinua mguu mstari ulipoanza. Alisubiri ushuke. Sisi tukavuta. Baba mguu juu, anatusubiri kwa adabu zote, na sisi tunavuta. Alianguka kifudifudi kwenye jiwe la kusagia na kupasuka juu ya jicho.

Nilipokuwa namfuta damu mwinjilisti alikuwa amepiga magoti kando yangu, anaomba radhi. Baba alimwambia, "Mwanangu, wimbo wako ni wa watu waliokaa." Hakumaanisha dharau.

Lakini jeraha lilisafiri hadi Bugomora. Kaka alituma ujumbe: Jumapili atakuja na engozi, na kwa kuwa kanisani hapakosi wanaume wanne, watamchukua baba palepale baada ya ibada. Na Jumapili hiyohiyo baraza la wazee liliniita nisimame mbele ya ushirika, nitubu wimbo na kuahidi kuuacha, la sivyo nitengwe na Meza ya Bwana.

Waliyapanga mambo hayo mawili bila kushauriana, nadhani, lakini kwangu yalikuwa jambo moja. Nikiahidi, baba hatatembea tena. Asipotembea, ataingia kwenye engozi mbele ya macho yangu na nitakuwa ndiye niliyemtia humo. Nilikuwa na hasira. Niseme ukweli, nilikuwa na hasira hata na Mungu, na nilimweleza.

"Tutakwenda kwa miguu," baba alisema. "Waone."

Tulitoka alfajiri, maana kutoka kwetu hadi kanisani kijana anatumia nusu saa na sisi tulihitaji saa tatu nzima. Niliita, aliitikia. Tulipishana na wanawake wenye mitungi, wakaitua kututazama. Kwenye mteremko wa mwisho, kanisa likionekana, niliacha kuimba kwa kuliheshimu, nikamshika mkono tukajikokota hadi kwenye gogo lililokuwa karibu na mlango. Alikuwa amechoka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kidonda. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Engozi ilikuwa imekwisha fika. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, mpya, kaka alikuwa ameisukisha.

Ndani wakaniita. "Nenda," baba alisema kwa midomo tu, akinionyesha kwa kidole. "Nakuja."

Nilisimama mbele, wanawake kushoto, wanaume kulia, kaka benchi la tatu na koti lake. Mzee wa kanisa alisimama akasoma mashtaka kwa kichwa, maana hakuhitaji karatasi. Alisema mtu mzima aliyebatizwa ameleta mtumbwi wa pombe barabarani kwa kinywa chake. Ilikuwa imesemwa vizuri. Mwinjilisti akaniuliza, bila kunitazama usoni, "Dada, unatubu?"

Sijui ningejibu nini. Watu wanasema nilikuwa nimeshaamua. Sikuwa nimeamua. Nililipenda kanisa lile, lilinipokea nikiwa mjane na kunifuta machozi, na kukaa nje ya Meza ya Bwana halikuwa jambo dogo kwangu. Baadaye nilikaa nje miaka miwili na kila Jumapili iliniuma.

Kabla sijafungua kinywa nilimwona baba. Alikuwa ameinuka peke yake kwenye gogo na kujivuta kwa fimbo hadi mlangoni. Palepale, juu ya kizingiti, akakwama. Fimbo mbele, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na vidole vikianza kusuguana. Watu wote wakageuka. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Kaka alisimama. Aliwatazama wanaume aliokuwa amewaomba wabebe, nao wakasimama, na mmoja akaelekea ukutani nje ilipo engozi. Kaka akamfikia baba, akanyoosha mikono amshike kwapani.

"Usiniguse," baba alisema. Midomo ndiyo ilisema. Sauti haikuwepo.

Nikaimba. Nilisimama pale walipoona ni mahali pa kutubia, nikaita kwa sauti ya wanaume wanaosimama mtumbwini, kubwa, bila kunong'ona:

"Nani amelala mtumbwini?"

Baba alifungua mdomo aitikie. Hakikutoka kitu. Mguu haukusogea.

Nikaita tena. Nilitaka kuitikia mwenyewe, lakini pumzi niliyobakiza haikutosha sauti mbili. Nilijua nusu ya watu wa kanisa lile wanaujua wimbo. Niliwaona wameumeza. Niliwachukia wote kwa wakati ule, wazee kwa vijana, na sikuomba msamaha kwa hilo pia. Kaka alikuwa ameshamshika baba kwapa. Nikaita mara ya tatu.

"Nani amelala mtumbwini?"

"Ribata."

Sauti ilitoka karibu yangu, nzito, ya kifuani. Nikageuka. Ilikuwa ya mzee wa kanisa. Mkono wake ulikuwa umeruka kinywani, umechelewa, na macho yamemtoka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepiga chini pamoja na neno, na vumbi lilikuwa bado linatua juu ya kiatu.

Kule mlangoni mguu wa baba ulishuka ndani ya kanisa.

Kaka aliachia. Nikaita, "Kisigino chake kinaogopa ndizi," upesi, kabla mzee hajapata muda wa kufikiri. Akanitazama kwa hasira ya kweli, na machozi yakiwa yamemjaa. Akaondoa mkono kinywani.

"Ribata," aliitikia, na safari hii lilikuwa neno alilolikusudia. Nyuma yake akaitikia mwingine, kisha bibi mmoja upande wa wanawake ambaye kama mimi alikuwa amelisikia neno hilo kutoka ng'ambo ya uzio maisha yake yote. Baba alikuja katikati ya mabenchi, magoti juu, kidevu juu, amenyolewa, kidonda kinang'aa jasho. Kaka alibaki mlangoni, mikono yake ikiwa bado imenyooka na haina kitu.

Mwinjilisti alikuwa kijana wa kufuata utaratibu. Alikohoa, akaniuliza mara ya pili kama natubu.

Nikamwambia asubiri, baba alikuwa bado anatembea.